Kazi za mikono nyumba inapoezuliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wenzangu tunaofanyia kazi nyumbani yale yanayotokea fundi wa paa anapoingia. Tangu nyumba yetu hapa Ngamiani, Tanga, iezuliwe, miyaa, yale majani ya kusukia mikeka, niliyokwisha kuitia rangi imehamia uvunguni mwa kitanda, kompyuta imefunikwa kanga mbili kuikinga na vumbi la saruji, na picha za harusi za wateja, ambazo kwa uzembe wangu sikuwa nimezinakili mahali pengine, nilizikimbizia kwa jirani usiku wa mvua.

Ukili, yaani utepe wa miyaa unaosukwa kisha ukashonwa kuwa mkeka, ndio unaostahimili fujo hii, kwa kuwa husukwa hata barazani na ukiachwa katikati hauharibiki. Miyaa ikikauka mno huinyunyizia maji ikalainika. Kamba za mkonge, zao lililoingia mkoani kwetu mwaka 1893, nazo hazidai umeme. Kuhariri picha kunataka meza na utulivu, na meza yangu sasa ndiyo ngazi ya fundi.

Ombi langu kwa mafundi ni kwamba watutajie siku za kweli, kwani wiki moja niliyoahidiwa inaelekea mwezi, na mkeka wa mteja bado haujashonwa.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga