Kikaragosi cha Chirac

Swahiba wangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali. Barua yako imefika, na lile neno lako kwamba vichekesho vya televisheni vinaushushia hadhi uchaguzi wa urais limenikaa moyoni. Mimi naona vingine. Anayeushusha hadhi ni mgombea anayewadanganya wapiga kura, si mcheshi anayemuiga. Ila lipo jambo linalonitia wasiwasi, nalo lilitokea Ufaransa.

Kituo cha Canal+ kilikuwa na kipindi kiitwacho Les Guignols de l'info, taarifa ya habari ya mzaha iliyosomwa na kikaragosi chenye sura ya mtangazaji Patrick Poivre d'Arvor. Uchaguzi wa 1995 ulipokaribia, Jacques Chirac, mmoja wa wagombea urais, alikuwa taabani. Édouard Balladur, rafikiye wa miaka mingi na mwenzake wa chama kimoja, waziri mkuu tangu 1993, aliamua kugombea dhidi yake, na kura za maoni zilimweka Balladur mbele. Basi kipindi kikamwonyesha Chirac akiwa na visu mgongoni, alivyochomwa na rafiki zake, naye bado anawahimiza watu wale matufaha, kwa kuwa kitabu chake cha kampeni kilikuwa na mtufaha jaladani. Watu walicheka, na katika kucheka wakamhurumia. Balladur alitokea kama bwana mwenye majivuno, na majivuno hayahurumiwi. Duru ya kwanza Chirac akampita. Tarehe 7 Mei akamshinda Lionel Jospin, mgombea wa Wasoshalisti, katika duru ya pili kwa karibu asilimia 53.

Sisemi vikaragosi ndivyo vilivyomwingiza ikulu. Alikuwa na chama, na alijua kuzungumza na watu wa hali ya chini. Lakini Wafaransa wengi waliamini vilimsaidia, nami nawaelewa. Ukimcheka mtu kila jioni, unamzoea, na ukishamzoea ni vigumu kumwogopa au kumkasirikia.

Hapa Kenya kuzoea huko kulitufaa sana. Vijana wa Redykyulass, kundi la wachekeshaji wa televisheni, walipomwiga Rais Moi waziwazi, watu waliozoea kulitaja jina lake kwa kuchungulia huku na huku walimcheka sebuleni mbele ya watoto wao. Lile lilikuwa jambo kubwa, na nitawashukuru daima. Baadaye Gado, mchora katuni mzaliwa wa Dar es Salaam, aliuleta mtindo wa Wafaransa Nairobi, na The XYZ Show, kipindi cha vikaragosi vya wanasiasa, ikaanza mwaka 2009. Tazama pia mapenzi ya watazamaji yanavyogeuka kura: John Kiarie wa Redykyulass alichaguliwa mbunge wa Dagoretti Kusini mwaka 2017, na mwenzake Walter Mong'are, aliyemwiga Moi, alitaka kugombea urais mwenyewe mwaka 2022.

Ndiyo maana natamani mcheshi amshike mgombea kwa matendo: fedha alizosimamia, ahadi alizozitelekeza, watu aliowafukuza mashambani. Akimshika kwa lafudhi au kabila tu, anamtengenezea mashabiki na kuwaumiza wasiohusika.

Niandikie upesi. Nataka kujua kwenu huko anachekwa nani zaidi, na watu wakishamaliza kucheka wanamsema vipi.

Wako akupendaye daima