Barua kwa vijana wangu wa klabu ya vitabu

Wanangu,

Hii kitu imenikaa rohoni tangu mkutano wenu wa juzi, nimeona heri niandike. Mlisema mnarudia vitabu vya majini na maajabu mlivyovipenda mkiwa wadogo, nikafurahi sana. Kumbe kurudia kwenyewe ni kufungua simu, kusoma muhtasari, halafu mtu anasimama kutangaza ati Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert, ni stori ya watoto, majini na manyani tu, na wote mnaangua kicheko. Nikauliza nani amefika ukurasa wa mwisho. Kimya.

Sasa hiyo ndiyo imenikera. Mtoto akisoma pale Huria, yule jini, anawageuza Hasidi na Mwivu, ndugu zake Adili, kuwa manyani, anaogopa, anafurahia wakichapwa, anageuza ukurasa, na ni sawa, ndio umri wake. Lakini wewe mtu mzima, una ndugu hamsalimiani juu ya shamba la mzee huko nyumbani, unasoma vile Adili analazimishwa na jini kuwachapa ndugu zake kila usiku, watu waliomtupa baharini kwa wivu, na bado roho inamuuma juu yao, na wewe husikii chochote? Basi hujasoma mwanangu, umepitia tu.

Ama Kusadikika, ya Shaaban Robert huyo huyo, ya 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Mwingereza. Ukiwa mdogo unashangaa nchi inaelea angani. Ukiirudia leo unaona wajumbe sita wametumwa huku na huku, wanarudi na mambo ya kuisaidia nchi yao, wote wanatupwa jela, na Karama, mhusika mkuu, anashtakiwa kwa kutaka watu wasome sheria. Mnaishi Nairobi, mmeona vijana wenzenu wakikamatwa kwa kusema, halafu mnaniambia hicho kitabu kimepitwa na wakati!

Najua hamkujileta hapo peke yenu. Shule zetu zimewafunza kusoma kwa sababu ya mtihani, eleza muktadha wa dondoo hili, alama nne, na mwongozo unauzwa kuliko kitabu chenyewe. Mtoto anamaliza fomu foo hajawahi kulia juu ya kitabu hata kimoja. Inaniuma sana, kwa sababu maktaba ya McMillan pale Banda Street ilifunguliwa 1931 na babu zenu hawakuruhusiwa kuingia, ilikuwa ya Wazungu, na leo mjukuu wao mlango uko wazi kwake anaridhika na muhtasari.

Mengine ni mafupi. Mkiona mwandishi mliyempenda amedharau wanawake ama watu weusi, semeni wazi, mapenzi ya utotoni yasiwafunge mdomo. Kitabu kikikuchosha sasa, kiweke chini bila matusi. Kama hamna pesa, tafuteni pale inama, wale wanaouza vitabu chini kando ya barabara, vya mtumba havikosi. Na msomeeni mtoto kwa sauti jioni, muone anauliza wapi, mara nyingi ni pale nyinyi mliruka.

Nawapenda, ndio maana nagomba. Mkutano ujao kila mtu aje na kitabu chenyewe mkononi na simu ikae mfukoni. Tutaanza pale Adili anatupwa baharini, tusome kwa zamu, na yule aliyesema ni stori ya watoto ndiye atafungua.

Mzee wenu