Kalamu ya nibu ya kubonyeza: kagua kilango kabla ya kulipa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wasomaji wanaotaka kuacha biki na kuanza kutembea na kalamu ya wino yenye nibu (ncha ya chuma ya kuandikia) inayotoka kwa kubonyeza. Dukani wengi huvutwa na mlio wa kitufe. Kitakachokufurahisha au kukuchosha kila siku, hata hivyo, ni vitu viwili vingine: kilango kilichomo mdomoni mwa kalamu, na klipu.

Kalamu nyingine za nibu zina kifuniko cha kuzuia wino usikauke. Hii haina. Badala yake kuna kilango chenye springi, kidogo sana, ambacho nibu hukisukuma inapotoka na ambacho hujifunga inaporudi. Kampuni ya Pilot ya Japani ilitoa Capless mwaka 1963 (Marekani wanaiita Vanishing Point), na hadi leo uzima wa kalamu za aina hii unategemea kilango hicho. Basi kabla ya kutoa pesa, bonyeza mara kumi hivi, irudishe nibu ndani, kisha mulika mdomo kwa tochi ya simu. Ukiona upenyo, hata mwembamba, iache. Hewa itaingia usiku kucha na asubuhi maneno mawili ya kwanza hayatatoka.

Kilango kizima nacho huharibiwa na mwenyewe. Kosa kubwa ni kuchovya kalamu nzima kwenye chupa. Wino huingia kwenye bawaba, hukauka, na kilango hubaki nusu wazi. Fungua kalamu katikati, chomoa nibu pamoja na hifadhi yake ya wino, maana hutoka kama kipande kimoja. Chovya nibu yote hadi izame, vuta wino kwa konvata (pampu ndogo ya kuvutia wino wa chupa), usukume nje na uvute tena mara mbili ili hewa itoke, kisha ipanguse vizuri kwa karatasi laini. Unapoirudisha, tafuta kibonge kidogo kwenye shingo ya kipande hicho kiingie kwenye pengo lake ndani ya bomba la mbele. Kikikataa, usilazimishe, zungusha polepole mpaka kikae.

Sasa klipu. Kwenye Capless klipu iko upande wa nibu, mahali vidole vinaposhika. Sababu ni nzuri: ukiiweka mfukoni, nibu inatazama juu na wino haushuki. Anayeshika kwa ncha za vidole vitatu, klipu hupita katikati ya kidole gumba na cha shahada bila kumsumbua. Anayekunja gumba juu ya vidole vingine, au anayezungusha kalamu anapoandika, ataumia kabla ya kumaliza ukurasa. Hili halitazamwi kwa macho. Shika na uandike mistari kumi. Decimo ni ya Pilot hiyohiyo, ila ni nyembamba na nyepesi zaidi. Curidas ya Platinum, kampuni nyingine ya Japani, iliyotoka mwaka 2020, ina nibu ya chuma na klipu inayoweza kuondolewa. Lamy Dialog 3 ya Ujerumani huzungushwa badala ya kubonyezwa na klipu yake hulala nibu ikitoka, lakini ni nzito na inataka mikono miwili, haimfai anayeandika amesimama. Majohn A1 ya China imeiga umbo la Capless na bei yake ni ndogo mara kadhaa. Si kalamu mbaya, ila hiyo ndiyo ya kukaguliwa kilango kwa makini zaidi.

Kwa karatasi za madaftari yetu chukua nibu ya F (nyembamba). M (ya wastani) itasambaa na kutokea upande wa pili. Nibu za Japani ni nyembamba kuliko za Ulaya zenye herufi ileile, kwa hiyo usilinganishe herufi peke yake.

Konvata ya Pilot, CON-40, hubeba takribani mililita 0.4 tu, katriji (kichupa cha plastiki kinachouzwa kikiwa na wino) hubeba kama 0.9. Anayeandika kutwa afadhali katriji, na ikiisha aioshe na kuijaza tena kwa bomba la sindano la duka la dawa. Mdomo wake ukilegea baada ya kujazwa mara nyingi, itupe, itavuja. Tena usisahau kile kikopo cha chuma kinachofunika katriji ndani ya Capless. Ndicho kinachoikinga na msukumo wa kitufe.

Wino wenye chembe za kumetameta au za rangi usitiwe humu, huziba njia. Wino wa kawaida nao huoshwa na maji, kwa hiyo mkataba wa kiwanja usisainiwe kwa kalamu hii. Hapo biki inatosha.

Kuhusu safari: kutoka Kampala, iliyo mita 1,200 hivi juu ya bahari, kwenda Kabale karibu mita 2,000, hewa iliyo ndani ya katriji hutanuka na kusukuma wino nje. Katriji iliyobaki nusu ndiyo yenye hewa nyingi, basi ijaze kabla ya kuondoka na uiweke nibu juu. Kwenye boda iwe mfuko wa shati, kamwe si ndani ya begi kati ya vitabu: kitabu kikibonyeza kitufe, nibu hutoka na begi lote hulowa.

Kwa wenye maduka ya vifaa vya ofisi, kuanzia Nasser Road hapa Kampala hadi mijini mikoani, nina ombi. Wekeni glasi ya maji na kitambaa kando ya kabati la kioo. Mteja achovye nibu kwenye maji, aandike, ashike klipu, amulike kilango. Maji hayaichafui kalamu, na ikipanguswa hurudi kabatini ikiwa mpya. Na mkiagiza kalamu, agizeni pia katriji za kampuni hiyohiyo, kwa sababu za Pilot na za Platinum haziingiliani.

Msomaji wenu,
Kampala