Aksanti, yaya wa pedi za magoti

Yaya, yaani ndugu mkubwa kwa Kiswahili cha kwetu, wewe uliyevaa kilemba cha njano pale Centquatre, Paris, nakutafuta. Jengo lile zamani lilikuwa la huduma za mazishi za mji. Tangu 2008 ni la sanaa, na wacheza dansi hufanya mazoezi ukumbini bila kulipa. Mimi, mtoto wa Lubumbashi, nilikuwa nachanganya hip hop na dansi ya kisasa, na kila nikishuka chini goti linagonga sakafu, pu! Ukavua pedi zako ukanipa. Kisha ukanionyesha: toa pumzi, anza na paja, halafu nyonga, bega mwisho. Jina sikukuuliza, ugeni na aibu. Pedi ninazo bado, zimechakaa. Wanafunzi wangu wa Jumamosi huzigombania. Aksanti sana, yaya.