Kuanza Dungeons & Dragons si gharama

Mhariri,

Vijana wanaotaka kucheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika wa hadithi ya kubuni, uliozaliwa Marekani mwaka 1974, wasikimbilie kununua vitabu; kanuni za msingi zinapatikana bure mtandaoni. Wanatosha wachezaji wanne na msimulizi anayeongoza hadithi, penseli, na dadu za pande 4, 6, 8, 10, 12 na 20. Unataka kupanda ukuta? Rusha ya pande 20, jumlisha nyongeza ya nguvu za mhusika wako. Jambo la ugumu wa wastani hudai jumla ya 15 au zaidi.

Kinachoharibu ni msimulizi kuwamwagia wahusika wa ngazi ya kwanza magoblini sita (viumbe wadogo waovu wa hadithi). Mchawi mwenye pointi 7 za uhai huangushwa na mapigo mawili, kisha mchezaji wake anabaki kuchezea simu. Wekeni magoblini wawili tu. Wala msimulizi asiandike riwaya nzima: wachezaji watapita mlango mwingine, kama kawaida yao.

Msomaji wako,
Dar es Salaam