Gari yangu ilifeli kipimo cha moshi, na mwizi wa kwanza ni mimi mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni dereva na mmiliki wa kagari kamoja tu hapa Dodoma, naishi Nkuhungu, na kabla sijamlaumu fundi yeyote ngoja niseme la kwangu. Miaka mitano iliyopita niliuza masega ya gari yangu, kile kidude cha kusafisha moshi ndani ya bomba la ekzosi. Wale vijana wa spika walipita mtaani, tunanunua betri mbovu, tunanunua masega, wakanipa 80,000 mkononi, fundi wa jirani akayakata na kuchomelea bomba tupu mahali pake, akanipongeza kabisa kwamba sasa gari itapumua. Nikarudi nyumbani najiona nimelamba dume.

Sasa mwaka huu nimepata kazi ya kubeba mafundi asubuhi kupeleka saiti moja upande wa Ihumwa, kazi nzuri tu, ila wenye saiti wana sharti kwamba gari haipewi kibali cha geti mpaka ipimwe moshi. Na siyo kuangaliwa kwa macho kama nilivyozoea mimi kila mwaka, breki, taa, matairi, haya nenda, hapana, kijana anachomeka mrija kwenye ekzosi, mrija unaingia kwenye kimashine, kimashine kinatema karatasi. Yangu ilisoma CO, ile gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi, asilimia 2.9 wakati wao hawataki izidi 0.5, na HC, yaani petroli isiyoungua, sehemu 520 kwa milioni wakati mwisho wao ni 200. Nikabisha sana manake gari yangu haitoi moshi wowote wa kuonekana, wala mweusi wala wa bluu. Yule kijana akanijibu taratibu, "Mzee wangu, hii CO haina rangi wala harufu, ingekuwa inaonekana tusingenunua mashine."

Hapo ndio safari ya gereji ikaanza, na hii ndiyo sababu hasa ya kukuandikia.

Fundi wa kwanza hakutaka hata kuona ile karatasi, akasema plagi. Nikanunua plagi nne mpya, kweli zile za zamani zilikuwa zimekwisha, na nilipopimwa tena HC ikashuka mpaka 410, CO ikabaki palepale. Wa pili akasema nozeli, tukaosha nozeli, hola. Wa tatu akaniambia tatizo ni Dodoma yenyewe, huku ni juu hewa nyembamba, lazima gari ile mafuta mengi. Ni kweli tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa zile gari za zamani za kabureta hoja hiyo ina uzito, lakini gari yenye kompyuta kama hii yangu inapima hewa yenyewe na kupunguza mafuta yenyewe. Wa nne, huyu sitamsahau, akanishauri nimimine spiriti kwenye tenki siku ya kupimwa, "utapita tu bosi, ukishapita basi". Nikajiuliza na wiki ijayo je.

Wa tano alikuwa na mashine ya kusoma kompyuta ya gari, nikajua nimefika. Akachomeka, akaangalia, akaniambia oksijeni sensa, ile inayonusa ekzosi na kuiambia kompyuta kama petroli ni nyingi au kidogo, imekufa, inasoma volti 0.8 na haitikisiki, sensa nzima inatakiwa icheze kati ya 0.1 na 0.9. Bei yake aliyonitajia ilinifanya niombe maji ya kunywa. Nikamwambia ngoja nijipange.

Kujipanga kwenyewe kulikuwa kwenda kwa mzee mmoja pale Majengo ambaye shemeji yangu alimsifia, mzee wa Kigogo, mpole, gereji yake ni mti na turubai. Nikamsalimia mbukwa, akafurahi, akaniuliza swali moja tu ambalo hao watano wote hawakuniuliza: "Mshale wako wa temprecha unapanda mpaka wapi?" Nikamwambia kwa kujidai kabisa kwamba gari yangu haijawahi kuchemka, mshale hata robo haufiki. Akacheka. "Hiyo sio sifa," akasema.

Kwanza akaziba ekzosi kwa tambara lililoloa, akainama kusikiliza kama kuna mahali panavuja, manake ikivuja kabla ya sensa hewa ya nje inaingia na kuidanganya. Kimya. Halafu akachukua spana namba 10, akafungua nati mbili pale mpira wa rejeta unapoingilia kwenye injini, akavuta kile kifuniko, akaniita nione. Ndani kulikuwa na tundu tupu lenye kutu. Themostati haipo, kile kidude kinachozuia maji yasiende kupoa kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Akanionyesha na waya wa feni, umeungwa moja kwa moja, ukiwasha gari tu feni inazunguka mpaka unazima. Ndio nikakumbuka, kuna mwaka rejeta ilivuja nikiwa njiani Kibaigwa, fundi wa pale akatoa hiyo themostati akaitupa porini, eti nchi hii ina joto, hicho kidude ni cha Wazungu, akamaliza na kuunga feni ili "isikusumbue tena". Kweli haikunisumbua, ilinikamua polepole kwa miaka.

Mzee alinieleza hivi, na mimi nakuandikia nilivyoelewa. Injini ikiwa ya baridi kompyuta inaongeza petroli makusudi ili iwake vizuri, na wakati huo haiisikilizi ile oksijeni sensa. Maji yakishapata moto wa kutosha, inaanza kuisikiliza na kurekebisha mpaka kila kilo moja ya petroli inakutana na hewa kama kilo 14.7. Yangu haikuwa inafika huko. Tuliazima mashine tukawasha gari saa moja asubuhi, mwezi wa saba huo, unaujua upepo wa Dodoma mwezi wa saba, tukazunguka nayo nusu saa na maji yakagoma kwenye nyuzi 48. Yaani kwa miaka yote hiyo kompyuta iliamini nimewasha gari sasa hivi, inamimina tu. Na ile sensa "iliyokufa"? Ilikuwa nzima. Volti 0.8 maana yake petroli ni nyingi, ilikuwa inasema ukweli saa zote, ila hakuna aliyekuwa anaisikiliza, wala kompyuta wala fundi wa tano. Ningeinunua mpya ingesoma 0.8 vilevile.

Tukaweka themostati, tukarudisha waya wa feni kwenye swichi yake, tukajaza kulanti badala ya maji ya bomba. Kurudi Ihumwa: CO 0.7, HC 230. Bado nimefeli, lakini sasa ni kwa kidogo, na kidogo hicho mzee alishaniambia mapema kitatoka wapi. "Kilichobaki ulikiuza."

Hayo masega, kwa wasioyajua, ni kile kigae chenye vitundu kama sega la nyuki ndani ya bomba la ekzosi, kimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, ndio maana wale vijana wanayatafuta kwa spika. Gesi chafu ikipita humo ikiwa na moto wa kutosha inageuka kuwa mvuke wa maji na kaboni dioksaidi. Fundi wangu wa zamani alinishawishi kwamba mafuta yetu huku Afrika yanayaharibu tu, na hilo lilikuwa kweli enzi za petroli yenye risasi, ila nchi za kusini mwa Sahara ziliachana nayo mwanzoni mwa 2006, huyo bado anatumia sababu ya enzi hizo. Kinachoyaua siku hizi ni ugonjwa kama ule wa gari yangu, petroli ya ziada inaenda kuungulia humohumo ndani, kigae kinayeyuka. Kwa hiyo ningeanza kwa kununua masega mapya kabla ya themostati ningeyachoma na kulia mara ya pili.

Yaliyotumika kutoka Japani nimeyapata Dar, yamekuja kwa basi, 450,000. Kumbuka niliuza kwa 80,000. Siku ya kupimwa mzee alinionya nisiende kukaa foleni nimeiacha gari inaunguruma tu bila kutembea, masega yanapoa, na yakishuka chini ya nyuzi 300 hivi yanalegea kazi, basi nikapiga simu, nikaingia getini moja kwa moja kutoka barabarani. CO 0.1, HC 35. Yule kijana alidhani mashine yake imeharibika, akapima tena.

Kwa hesabu zangu sasa lita moja inanipeleka kilomita 12, zamani 8.

Kuna ndugu zetu wanaishi Marekani kule California wanasema mkaguzi wa moshi anaangalia kwanza kama masega yapo, kama yametolewa umefeli hata kabla ya mashine. Sisemi tuanze na ukali huo. Ninachoomba, Mhariri, ni gazeti lako limpe nafasi fundi anayejua aeleze watu mambo haya, manake gari ngapi hapa mjini zinatembea bila themostati na wenyewe wanajisifu hazichemki? Na mafundi, mteja akileta karatasi ya kipimo, isomeni jamani. CO ikiwa juu tafuteni petroli ya ziada inatoka wapi, HC ikiwa juu yenyewe tu anzeni na plagi na koili.

Jana jioni yule kijana wa spika kapita tena mtaani kwetu, akasimama geti la jirani yangu, nikamwona jirani anatoka na funguo za gari mkononi. Nikavaa ndala nikatoka mbio.

Mwenye kagari,
Nkuhungu, Dodoma