Risala ya Wakulima wa Miwa wa Nje (wenye mashamba yao, wanaouza miwa kiwandani) kwa Mheshimiwa Mbunge, Mgeni Rasmi, Siku ya Kufungua Msimu wa Uvunaji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mbunge wetu, Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mwenyekiti wa chama chetu cha ushirika, wazee wetu, ndugu wakulima, wakata miwa na madereva: tunawasalimu kwa heshima kubwa.

Mheshimiwa, umeingia bungeni ukitokea kiwandani. Mizani unaijua, maabara ya miwa unaijua, na wakata miwa wengi waliopo hapa wanakufahamu tangu ulipokuwa ofisi ya mashamba. Kwa hiyo leo hatutazungumzia bei ya sukari dukani. Tunaomba tuzungumzie saa zilizopo kati ya moto wa shambani, unaochoma majani kabla ya kukata, na kinu cha kusaga miwa, maana ndimo fedha ya mkulima inamopotelea.

Mkulima hulipwa kwa uzito na kwa kiwango cha sukari kilichopimwa. Trela ya tani 10 yenye miwa ya asilimia 10 ina kilo 1,000 za sukari. Kiwango kikishuka hadi asilimia 9, kilo 100 zimekwenda, na gharama za kukata, kupakia na kusafirisha ziko palepale kwa sababu hutozwa kwa tani.

Muwa ukishaungua na kukatwa umekufa, na sukari yake huanza kuvunjika kuwa sukari nyepesi zisizoganda kiwandani. Bakteria huingia kwenye majeraha ya panga na nyufa za moto, wakatengeneza ute unaosumbua uchujaji na uchemshaji. Joto na unyevu huharakisha uharibifu huo. Miwa ya mashine, iliyokatwa vipande vifupi, huchacha upesi kuliko iliyokatwa nzima kwa mkono, kwa kuwa ina majeraha mengi zaidi. Ndiyo maana tunataka miwa iliyochomwa isagwe ndani ya saa 24, na isivuke 48 kwa hali yoyote.

Wakulima nao wana wajibu wao, na hapa tunasema mbele ya wenzetu. Mbolea ya urea inayowekwa miwa ikikaribia kukomaa huirudisha kwenye kukua, utamu ukachelewa. Kabla ya kuomba zamu ya kuchoma, pima kwa refraktomita, kifaa cha kupima utamu, tone la juisi ya pingili za chini na tone la pingili za juu. Vipimo vikikaribiana, muwa umeiva. Kata usawa wa ardhi, kwani utamu mwingi uko chini, na kisiki kirefu huzaa machipukizi dhaifu. Kilele kiondolewe chote. Majani na udongo vikipakiwa pamoja na miwa, uzito unapanda kidogo lakini kiwango cha sukari kinashuka, na juisi inachafuka.

Yaliyobaki yako nje ya uwezo wetu. Kinu kikisimama usiku, taarifa hutufikia asubuhi eneo likiwa limeshachomwa. Kalvati moja likikatika, matrekta huzunguka njia ndefu na foleni ya mizani ikajaa. Hati ya mizani nayo huonyesha saa ya kupima tu, saa ya kuchoma haimo, kwa hiyo utamu ukishuka hakuna anayeweza kuthibitisha ulishukia shambani au kwenye uwanja wa kiwanda. Hili la hati linatuuma kuliko yote, kwa sababu kulirekebisha kunahitaji safu moja tu ya kuandika.

Tunakuomba, Mheshimiwa, ulifikishe Bodi ya Sukari Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria ya Tasnia ya Sukari ya mwaka 2001: saa ya kuchoma iandikwe kwenye kila hati, na sampuli ya miwa inayopelekwa maabara ifungwe kwa namba ya trela mbele ya mwakilishi wa wakulima, kwani namba zikibadilishana mkulima mmoja hulipwa utamu wa mwingine. Mwakilishi huyo apelekwe Chuo cha Taifa cha Sukari, Kidatu, akasome upimaji, ili asimame maabara akielewa anachokiona. Kibali cha kuchoma kitolewe baada ya kiwanda kuthibitisha jioni hiyo kwamba kinu kinafanya kazi, na iandikwe kwenye mkataba nani anabeba hasara kinu kikisimama baada ya moto. TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, nao watusaidie kukagua makalvati ya barabara za mashambani mara mvua za masika zinapokatika, kabla trela la kwanza halijapita.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.